Mahali Pasipo Kengele

Kila mwaka, mvua za kwanza zinapokaribia na vijana wetu wanapofunga mizigo kwenda shule za juu, wanafika nyumbani kwetu, mmoja mmoja, wakati wa jioni. Wanakaa, wanakunywa maji, wanatazama chini, na mwishoni wanauliza: «Mwalimu, huko chuoni kukoje?» Nasi tumezoea kuwajibu kwa maneno mafupi: «Someni, salini, jitengeni na makundi mabaya.» Maneno hayo ni ya kweli. Lakini kijana akiisha kwenda zake tunajilaumu, kwa maana tumempa majani, mzizi tumeuficha. Basi leo, wapenzi wasomaji, tunataka kuwasimulia mwaka wetu wa kwanza wa chuo jinsi ulivyokuwa, pamoja na aibu yake. Jina la chuo tunaliacha, kwa sababu makosa tutakayoyataja ni yetu wenyewe.

Sisi tunaoandika haya ni katekista wa parokia moja ya upande wa Moba, kando ya ziwa Tanganyika. Tulilelewa seminarini: miaka sita ya seminari ndogo, miaka mitatu ya filosofia. Tena tukaona, na wakubwa wetu wakaona pamoja nasi, ya kuwa Mungu hakutuitia upadri. Tukarudi nyumbani kwa amani, tukaoa, tukapewa kazi ya kufundisha wakatekumeni. Kazi hiyo tuliifanya miaka tisa. Watu walituita Mwalimu, wazee walitupisha kwenye kiti, na watoto walituamkia kwa mikono miwili. Kumbukeni jambo hilo la kiti, maana litarudi mbele.

Katika miaka hiyo mihogo ya kwetu ilianza kuharibika. Majani yalijikunja, yakawa na mabaka ya manjano, na mama aliyechimba shina alikuta mizizi myembamba kama vidole. Wengine walisema ni uchawi, wakaanza kutazamana vibaya. Ndipo baraza la parokia lilipokaa, likasema: «Tupeleke mtu mmoja akajifunze kilimo, arudi atuambie ukweli wa jambo hili.» Wakatutazama sisi, kwa kuwa tulikuwa tumesoma. Tulikuwa na umri wa miaka 33, na watoto wanne.

Feza zilipatikanaje? Kila shirika lilileta kitu. Hawa walileta gunia la mahindi, hawa kapu la samaki wakavu, hawa mbuzi. Siku ya mwisho alikuja mama mmoja mjane, mzee sana, amebeba kuku wake. Alimfunga miguu, akamweka chini mbele yetu, akaondoka bila kusema neno. Vitu vyote viliuzwa, hata kuku yule. Tuliondoka tukijua hesabu ya kila franka na mkono uliyoitoa.

Ilikuwa mwaka 2022. Tulipanda lori, tukapita Pepa na Pweto, tukalala njiani usiku wa kutosha, na siku ya sita tukaingia Lubumbashi tukiwa na vumbi hata kwenye nyusi. Tulipanga chumba kidogo mtaa wa Katuba: kitanda, meza, ndoo, jiko la makala. Diploma yetu ya shule ilikuwa ya Kilatini na filosofia, si ya sayansi. Kwa hiyo tulifanya mtihani wa kuingia, tukapita kwa shida. Lakini tulijipa moyo tukisema: «Mtu aliyesoma filosofia atashindwa na kilimo?» Tazama kiburi kinavyoanza, kwa sauti ndogo kabisa.

Siku ya kwanza tuliingia katika ukumbi mkubwa wa kufundishia, tumevaa koti letu la siku ya Bwana. Vijana walikuwa wengi kuliko viti. Wengine walikaa madirishani, wengine juu ya matofali. Walipotuona wakasimama wote, kukawa kimya. Walidhani ni profesa anaingia! Tulipotafuta mahali pa kukaa katikati yao, ukumbi mzima ulicheka. Tangu siku ile tuliitwa «Papa Profesa». Hawakutuita hivyo kwa ubaya. Vijana ni vijana. Lakini sisi tuliozoea kupishwa kiti, tulikaa juu ya tofali kwa muda wa saa tatu, na moyo wetu ulikuwa mzito kuliko tofali lile.

Sasa tuseme juu ya kengele. Msomaji aliyepita seminarini anajua kengele ni nini. Kengele ilituamsha, kengele ilituita kanisani, kengele ilitupeleka darasani, mezani, shambani, kitandani. Kulikuwa na saa ya kujisomea, na mtu aliyesinzia saa hiyo aliguswa begani. Tulipokuwa watoto tulinung'unika juu ya kengele. Hatukujua ya kuwa ilikuwa inatusaidia kubeba mzigo ambao siku moja tutaubeba peke yetu. Hata wazee waliosoma Lovanium, chuo kikuu kilichofunguliwa mwaka 1954 juu ya kilima karibu na Leopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo, walilala na kula pale pale kilimani, karibu na masomo yao. Siku hizi wanafunzi wengi wanapanga vyumba mtaani kama sisi. Usipoamka, hakuna anayekuamsha. Usipofika darasani, hakuna anayekuuliza. Profesa anafundisha, anauza silabusi yake, anakwenda. Ukitaka kulala siku nne mfululizo, mlango ni wako na ufunguo ni wako.

Tena kuna jambo ambalo wengi wanaoanza hawalielewi. Katika mpango mpya wa masomo ya juu ya nchi yetu, miaka mitatu ya kwanza ndiyo inayoleta cheti cha lisansi, na kila mwaka una krediti 60, nusu yake katika kila semesta. Kijana anadhani krediti ni saa za kukaa ukumbini na kusikiliza. Sivyo. Ndani ya krediti zimehesabiwa pia saa anazopaswa kujisomea mwenyewe, nyumbani au maktabani. Maana yake, anayesikiliza tu bila kujisomea amefanya sehemu ya kazi yake, naye anadhani ameimaliza. Sisi pia tulidhani hivyo.

Masomo yenyewe yalikuwaje? Botania ilitupokea kama mtoto wa nyumbani. Asistenti alipoandika ubaoni jina la muhogo kwa Kilatini, Manihot esculenta, akauliza nani anajua maana ya neno la pili, tuliinua mkono tukajibu: maana yake ni kitu kinachofaa kuliwa. Vijana wakageuka kututazama, na siku hiyo tofali lilikuwa laini. Lakini kemia! Tangu siku ya kwanza profesa alianza na neno moja, moli, akaendelea nalo kama kwamba kila mtu amelinyonya kwa mama yake. Moli hii, moli ile, gramu kwa moli, moli kwa lita. Vijana waliotoka shule za sayansi waliandika haraka haraka. Sisi tuliandika pia, lakini tulikuwa kama mtu anayenakili barua ya lugha asiyoijua.

Je, tulimwuliza mtu? Hapana. Tungewezaje? Mtu wa miaka 33, Mwalimu, Papa Profesa, aende kumwuliza mtoto wa juzi: «Moli ni nini?» Tulinyamaza juma la kwanza tukisema tutaelewa la pili. Juma la pili tulisema tutaelewa kwa kusoma silabusi. Juma la tano hatukuwa tena na swali la kuuliza, kwa maana mtu aliyepotea sana hajui hata jina la njia anayoitafuta.

Hapo ndipo tulipofanya kosa letu kubwa, nalo lilivaa mavazi mazuri sana. Karibu na chumba chetu kulikuwa na parokia, na parokia hiyo ilikuwa na wakatekumeni wengi na walimu wachache. Tulikwenda kujitambulisha. Padri alifurahi, akatupa kundi la wakatekumeni mara moja kwa juma. Tukaomba kundi la pili. Tena tukaingia kwaya, tukaingia kamati ya liturjia, tukaanza kwenda kuwatembelea wagonjwa. Jioni, saa ambayo seminarini ingekuwa saa ya kujisomea, sisi tulikuwa kanisani. Na pale kanisani tuliitwa tena Mwalimu. Pale tulipewa kiti.

Ni nani angetulaumu? Kijana anayeacha masomo kwa ajili ya pombe au wasichana, kila mtu anaona kosa lake, hata yeye mwenyewe analiona asubuhi kichwa kinapomwuma. Lakini sisi tulikimbia kemia kwa kuelekea altare. Tulipokuwa tukifungua silabusi usiku, umeme ukiwa umekatika na mshumaa ukiwa mfupi, wazo jema lilitujia: «Ile mafundisho ya kesho juu ya Ubatizo, hujaitayarisha.» Basi tukaifunga silabusi na kufungua katekisimu. Tukalala na dhamiri tulivu. Ndiyo hatari yake.

Nyumbani walijua nini? Kila siku ya Bwana baada ya misa, mama wa watoto wetu alipanda kilima kutafuta mahali simu inaposhika, akatupigia. Yeye ni mwuza samaki. Maneno yake ni machache kwa sababu vocha ni feza. Aliuliza: «Masomo yanaendelea?» Tukajibu: «Yanaendelea vizuri.» Mara ya kwanza lilikuwa neno la kumtuliza. Mara ya pili lilikuwa uwongo mdogo. Lakini yeye alishuka kilima, akawaambia watu wa shirika, nao wakamshukuru Mungu katika sala zao kwa jinsi Mwalimu anavyosoma vizuri. Alituambia hayo kwa furaha. Fikirini, wasomaji: uwongo wetu ulikuwa umegeuzwa kuwa sala ya shukrani kinywani mwa watu waliouza mahindi yao kwa ajili yetu. Nasi tuliungama kila mwezi. Tuliungama hasira, tuliungama usahaulifu katika sala. Hilo hatukuliungama. Hatukulihesabu.

Wahenga walisema: mficha maradhi, kilio kitamfichua. Mitihani ya semesta ilifika, na matokeo yakabandikwa ukutani, majina yote na alama zote, wazi kwa kila jicho. Botania: 16 juu ya 20. Fizikia: 8. Hesabu: 6. Kemia: 4. Tulisimama mbele ya karatasi ile tukisoma mstari wetu mara nyingi, kama kwamba tarakimu zingeona huruma. Nyuma yetu kijana mmoja alisema polepole: «Hata Papa Profesa!» Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka.

Jioni ile tulikwenda kufundisha wakatekumeni kama kawaida. Tulifungua kinywa, maneno hayakuja. Tukawaambia warudi nyumbani. Padri alikuwa uani, akawaona wanatoka kabla ya saa. Akaja, akatukuta tumekaa peke yetu katika chumba cha mafundisho, akauliza: «Mwalimu, ni ugonjwa?» Tukamwambia yote: kemia, simu ya siku ya Bwana, kuku wa mjane. Alisikiliza mpaka mwisho. Tulidhani atatufariji. Badala yake alisema: «Kuanzia kesho hufundishi tena hapa. Sikukatazi kuja misa. Lakini makundi yako nitampa mwingine. Mungu hakukutoa Moba uje kufundisha wakatekumeni wangu. Alikutuma na watu wako ujifunze kilimo. Kazi hii uliyoichukua hapa, hakuna aliyekutuma.»

Maneno hayo yalituchoma. Tulitaka kumjibu. Lakini akatusimulia habari za Mtakatifu Inyasi wa Loyola, ambazo seminarini tulizisoma bila kuzisikia. Mtakatifu huyo alizaliwa mwaka 1491. Alikuwa askari; mwaka 1521 risasi ya mzinga ilimvunja mguu huko Pamplona, akamgeukia Mungu akiwa kitandani. Alipotaka kusaidia roho za watu aliona hana elimu. Basi mwaka 1524, mjini Barcelona, akiwa na umri wa miaka 33, alikaa darasani pamoja na watoto kujifunza Kilatini. Na kila alipotaka kukariri somo lake, mawazo matamu ya mambo ya Mungu yalimjia, mengi, mazuri, hata asiweze kukariri neno. Mwishoni alijichunguza, akaona ya kuwa mawazo hayo hayamjii hivyo wakati wa sala wala wakati wa misa. Yanamjia wakati wa sarufi tu! Akatambua ni kishawishi. Akaenda kwa mwalimu wake, akamweleza yote, akamwahidi ya kuwa kwa miaka miwili hatakosa kumsikiliza, mradi apate mkate na maji.

Padri akaendelea: «Tena alipofika Paris mwaka 1528, aliona misingi yake ni dhaifu, akarudi kusoma sarufi pamoja na watoto kwa mara nyingine. Na katika filosofia aliyemsaidia kurudia masomo ni Petro Faber, mwenzake wa chumba, mdogo wake kwa miaka kumi na mitano. Mtakatifu hakuona haya. Wewe unaona haya ya nini?» Akatubariki, akazima taa, akaenda zake.

Usiku ule hatukulala. Kulipokucha tulifanya mambo mawili, na yote mawili yalikuwa magumu kuliko kupanda lori kutoka Moba.

La kwanza: tulimtafuta yule kijana aliyesema «Hata Papa Profesa». Ni mwana wa Likasi, mwenye miaka 19, ambaye alama zake za kemia zilikuwa za juu. Tukamwambia: «Ndugu yetu, tufundishe moli ni nini.» Alifikiri ni mzaha. Alipoona si mzaha, akauliza: «Papa, mama nyumbani anafanya kazi gani?» Tukasema anauza ndagala. Akasema: «Je, anawahesabu mmoja mmoja?» Tukacheka, tukasema hapana, anahesabu kwa beseni. «Basi,» akasema, «atomi ni ndogo kuliko ndagala, mtu hawezi kuzihesabu moja moja. Wanakemia wana beseni lao. Beseni hilo ndilo moli. Beseni la kaboni lina uzito wa gramu 12, beseni la maji gramu 18. Hesabu ya vipande ni ile ile, lakini uzito si mmoja, kama vile beseni la ndagala wabichi na beseni la wakavu.» Tulinyamaza. Majuma mengi ya giza, na kumbe taa ilikuwa katika kazi ya nyumbani kwetu!

Tangu siku ile alikuja chumbani kwetu jioni tatu kwa juma. Nasi tukagundua neno lingine. Siku ya pili tulipika bukari na sombe, tukamkaribisha. Alikula kama mtu anayetoka safari ndefu. Tulipomwuliza sana, akakiri: alikula mara moja kwa siku, na siku nyingine hakula. Kwao walidhani anakula vizuri, kwa sababu kila walipompigia simu alijibu: «Niko vizuri.» Neno lile lile! Huyu alificha njaa, sisi tulificha kemia. Ukumbi mzima ule wa vijana wanaocheka, ni wangapi walikuwa wanaficha kitu? Yeye alitufundisha kemia na hesabu. Sisi tulimfundisha majina ya Kilatini ya mimea, na sufuria yetu ikawa ya watu wawili.

La pili: siku ya Bwana mama wa watoto alipopiga simu na kuuliza swali lake, tulimwambia: «Hayaendelei vizuri. Tumeshindwa masomo matatu. Tulikudanganya.» Alinyamaza kidogo, tukasikia upepo wa kilimani. Kisha akasema: «Nilijua. Sauti yako ilikuwa ya mtu anayeuza samaki wa jana. Nilikuwa nangoja useme mwenyewe.» Tukamwuliza: watu wa shirika tutawaambiaje? Akasema: «Mimi sitawaambia. Ni wewe uliyechukua vitu vyao. Andika.»

Tuliandika barua. Hatujawahi kuandika barua nzito kama ile. Tulitaja alama zetu zote, tulisema tulidanganya, tukasema wakitaka turudi tutarudi na tutalipa kidogo kidogo. Barua ilisomwa mbele ya watu baada ya misa. Wengine, tuliambiwa baadaye, walikasirika, na haki walikuwa nayo. Mmoja alisema feza zimepotea. Ndipo yule mama mjane, ambaye hasemi mkutanoni, aliinuka akasema: «Kuku wangu hakuwa wa kukopesha. Asome.» Akakaa. Mkutano ukaisha hapo.

Hatutaki msomaji adhani kwamba baada ya hayo mambo yote yalikuwa mepesi. Katika kikao cha pili cha mitihani tulipata kemia 11 na fizikia 12. Hesabu ilitushinda tena. Tukaibeba kama deni mpaka mwaka uliofuata, tukaimaliza huko. Tulikonda. Tulikosa Pasaka mbili nyumbani, na mtoto wetu wa mwisho alipotuona tuliporudi likizo alijificha nyuma ya nguo ya mama yake. Hayo nayo ni sehemu ya bei, na anayewaambia vijana kwamba elimu haina bei anawadanganya.

Sasa, wewe kijana unayefunga mizigo, yasikilize haya machache.

Kwanza, jitengenezee kengele yako. Andika katika karatasi saa ya kuamka, saa ya sala, saa ya kujisomea, saa ya kufua na kupika, uibandike ukutani. Usingoje moyo upende. Hata seminarini kengele haikutuuliza kama tunapenda.

Pili, uliza katika juma la kwanza. Swali la juma la kwanza ni dogo, lina aibu ndogo. Likikaa majuma matano linakuwa mlima. Na usitazame umri wa anayejua. Anayejua ni mwalimu wako, ijapokuwa ni mtoto.

Tatu, chunguza hata mambo mema unayoyafanya. Kwaya ni njema, chama ni chema, kuwatembelea wagonjwa ni kwema sana. Lakini jiulize kama tulivyopaswa kujiuliza sisi: jambo hili linaniita wakati wote, au linaniita tu ninapofungua kitabu kigumu?

Nne, useme ukweli nyumbani, hasa siku ambayo ukweli ni mbaya.

Nanyi wazazi, na ninyi watu wa mashirika mnaotoa mahindi yenu, tunawaomba neno moja. Msiulize tu: «Masomo yanaendelea?» Swali hilo lina mlango mmoja wa kujibu. Ulizeni: «Somo gani linakushinda? Jana ulikula nini? Rafiki yako ni nani?» Na akisema ameshindwa, msimfunge kinywa kwa hasira ya kwanza, maana mara ya pili hatasema.

Tulimaliza miaka yetu mitatu, tukarudi. Ugonjwa wa mihogo unaitwa mozaiki. Si uchawi. Unaletwa na virusi. Nzi wadogo weupe wanaokaa chini ya majani wanavibeba kutoka shina hadi shina. Lakini zaidi sisi wenyewe tunavibeba, tunapokata vipande vya mti mgonjwa na kumpa jirani apande. Kipande kinaonekana kizima, ugonjwa umo ndani, na unaonekana majani yanapotoka. Dawa ya kunyunyizia haiponyi shina lililokwisha shikwa. Inafaa kung'oa mashina yanayougua mapema, kuchagua mbegu katika mashina yenye afya tu, na kutafuta aina zinazostahimili. Tulipowaeleza watu hayo, wale waliokuwa wakitazamana vibaya walianza kuazimana majembe.

Shamba la mbegu safi tuliloanzisha liko nyuma ya nyumba ya mafundisho. Mafungu ya kwanza yalipokuwa tayari, tulichukua moja tukalipeleka wenyewe kwa yule mama mjane. Tulitaka kumweleza habari za mozaiki kwa urefu. Alituonyesha mkeka, akasema: «Kaa kwanza.» Tukakaa chini. Naye akakivuta kigoda chake, akakaa mbele yetu, akasema: «Haya, Mwalimu. Sasa nifundishe.»